Walimu wa uuguzi, mnatukata maksi kwa kitu ambacho hamjawahi kutufundisha!

Wakuu heshima kwenu. Leo nimefura, mtanivumilia.

Propozo yangu imerudishwa tena. Mada ni vidonda vya kulalia kwa wagonjwa wanaokaa wodini muda mrefu. Supavaiza kazungushia vyanzo kwa kalamu nyekundu, pembeni kaandika: "Leta makala zenye mapitio rika." Basi, hakuna kingine. (Yaani makala ambazo wataalamu wengine wa fani hiyo wamezisoma na kuzihakiki kabla hazijachapishwa.) Ukimfuata ofisini anakwambia wewe ni mwanafunzi wa digrii, jitafutie. Najitafutia vipi kitu ambacho tangu mwaka wa kwanza hakuna aliyekaa na sisi kutuonyesha kinafananaje? Kusafisha kidonda tulifundishwa hatua kwa hatua, sista kasimama nyuma yako, ukigusa pasipotakiwa unavua glovu unaanza upya. Ikija risechi, kila mtu atajijua.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hata anayekata hizo maksi anabahatisha. Kati ya vyanzo alivyovikataa kuna makala ya Tanzania Journal of Health Research, jarida la NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, ambalo lina wahakiki wake kabisa. Sababu? "Hili ni la hapa hapa." Mwenzangu kaleta makala ya jarida lenye jina refu linaloanza na "International", ikapita bila swali. Nikaifungua. Imepokelewa Jumatatu, imekubaliwa Alhamisi ya wiki hiyo hiyo! Wahakiki gani hao, wamesoma saa ngapi? Ingia kwenye tovuti yao: ada ya kuchapisha kwa dola imeandikwa kubwa kuliko jina la mhariri, na jarida hilo hilo moja linapokea uuguzi, ujenzi wa madaraja na ufugaji wa samaki.

Msiseme nazusha. Mwaka 2013 mwanahabari wa sayansi John Bohannon alituma makala ya uongo kuhusu dawa ya saratani, yenye makosa ya wazi kabisa, kwa majarida 304 ya mtandaoni. Mwandishi wa kubuni, taasisi ya kubuni ya huko Asmara, Eritrea. Majarida 157 yaliikubali. Zaidi ya nusu, wakuu! Halafu mtu anakwambia ukiona neno "International" tulia.

Na wala si somo la muhula mzima. Ni kipindi kimoja tu, na projekta. Mwalimu afungue makala moja aonyeshe pale juu au mwishoni: tarehe ya kupokelewa, ya kurekebishwa, ya kukubaliwa, na kwamba katikati mara nyingi hupita wiki nyingi au miezi. Aonyeshe mbinu ziko wapi, sampuli ilipatikanaje, kibali cha maadili kimetoka wapi. Aingie kwenye tovuti ya jarida asome wanavyohakiki. Aseme pia kwamba hata jarida la maana lina tahariri, barua za wasomaji na maoni, ambavyo kwa kawaida havipelekwi kwa wahakiki wa nje. Darasani kwetu nusu ya watu wanaamini ukishasema umeitoa PubMed, ile hazina ya mtandaoni ya kutafutia makala za tiba, umemaliza kazi. PubMed haina hata kitufe cha kuchuja mapitio rika! Kitufe hicho kipo CINAHL, hazina nyingine ya makala ambayo ndiyo ya wauguzi hasa, lakini inalipiwa. Google Scholar ndiyo usiseme, inachanganya makala, tasnifu na rasimu ambazo hazijahakikiwa na mtu.

Haya, tuseme umeijua makala nzuri, umeipata. Unasoma ikisiri, moyo unafurahi, unabonyeza, unakuta dola thelathini na ushee. Kwa bumu lipi? Na hapo bando lenyewe umenunua kwa kubana chakula.

Hapa ndipo hasira yangu yote ilipo. Kuna Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani na wachapishaji wakubwa ulioanza 2002 wa kufungulia watu majarida ya afya ya kulipia, na taasisi za Tanzania zikijisajili zinaingia bure. Bure! Chuo chetu kimesajiliwa. Nywila anayo mkutubi, na hampi mwanafunzi kwa sababu eti "mtaisambaza". Eti twende tukatumie kompyuta za maktaba, ambazo mbili ndizo zinawaka, na maktaba inafungwa saa kumi, wakati sisi tuko fildi wodini mpaka saa tisa na nusu. Wanafunzi tumo kabisa kwenye watu wanaoruhusiwa kuitumia Hinari. Sasa huyo mkutubi anamtunzia nani?

Ambao vyuo vyenu vinawapa wanafunzi Hinari bila mizengwe, naomba mniambie mliomba kwa utaratibu gani: barua ya serikali ya wanafunzi, au mkuu wa idara ndiye aliyeamuru? Jumatatu naingia ofisini kwa mkuu wetu, sitaki kwenda mikono mitupu.

Na wale wa "wewe ni mvivu tu, Google ipo", piteni kimya.