Ni msiba au ni pombe?

Fundi_Kariobangi: Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Tangu mama atutoke mwezi wa Aprili, kila jioni napitia baa kabla ya kupanda matatu. Chupa nne, tano, kifua kinalegea. Lakini saa tisa usiku nashtuka, moyo unadunda, kama nimeitwa. Asubuhi hata kuinua grainda ni mlima. Nini kinanimaliza?

Dada_Umoja: Pole sana, kaka. Ni vyote viwili, kimoja kinalisha kingine. Pombe hutuliza ubongo kwa saa chache. Ikipungua mwilini, ubongo unaruka upande wa pili. Ndiyo hiyo saa tisa yako. Usingizi ukikatika kila usiku, huzuni inazidi. Mume wangu alipoacha, kicheko chake kilirudi baada ya wiki kadhaa. Nililia.

Muuguzi_Mstaafu: Mwanangu, kwa kuwa unakunywa kila siku, usikate ghafla peke yako. Kutetemeka kunaweza kuishia kwa degedege, na degedege huua. Mwone daktari, umweleze pombe na msiba pia. NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni 1192, simu ya bure.

Fundi_Kariobangi: Asanteni. Nilidhani ni mama ananiita. Kesho napiga kabla sijafungua karakana.