Shujaa asiye na kwao: Pemba anawezekana?

BintiJadida, Wete

Assalaam alaykum. Naandika riwaya, na nimekwama sura ya pili. Shujaa wangu anashuka melini bandari ya Mkoani, hapa Pemba, alfajiri. Hana begi, hana simu, hana anayempokea. Mfukoni ana mswaki, kitambulisho kilichochakaa na noti mbili tatu.

Mashujaa wa aina hii nawapenda tangu niko skuli. Ami yangu akifanya kazi hotelini Unguja, na vitabu walivyoviacha wageni vyumbani akiniletea mimi. Aliyeniteka ni Jack Reacher wa Lee Child: meja mstaafu wa polisi wa jeshi la Marekani, hana nyumba, hana gari, hana mke, anapanda basi lolote linaloondoka. Nguo zikichafuka ananunua nyengine za bei rahisi, zile anazitupa. Hata mswaki wake ni wa kukunja. Anaingia mji asioujua, anakuta dhulma, anaiondoa, kisha huyoo anakwenda zake.

Sasa mtieni mtu huyo Pemba. Anapanda daladala, anashuka Wete, anakaa barazani kunywa kahawa. Kikombe cha pili hakijamiminwa keshaulizwa: "Mwanangu, wewe wa wapi? Mtoto wa nani?" Akisema wa Chambani, pana mzee ana shemegi Chambani. Akisema wa Unguja, ataulizwa Unguja ipi, na nyumba iko karibu na msikiti gani. Akinyamaza, habari imeshafika kwa sheha, mkuu wa mtaa, kwamba pana mgeni hajitambulishi, na baada ya magharibi ataitwa kistaarabu akajieleze.

Nimempa jibu la uongo, nimemfanya bubu, nimemshusha usiku wa manane. Kila nikifanya hivyo, yeye anapona lakini wale wazee wa barazani wanakufa. Hawawi Wapemba tena, wanakuwa watu wa kwenye sinema wanaotizama tu. Na mimi wazee wale nawapenda kuliko hata shujaa mwenyewe.

Naomba ushauri wa dhati. Mtu asiye na kwao anaweza kuwa shujaa wa hadithi yetu? Au hii ni hadithi ya nchi kubwa peke yake, ambako mtu anaweza kupotea njiani asijulikane?

MaalimMstaafu, Makunduchi

Wa alaykum salaam mwanangu. Nimefundisha fasihi miaka mingi na swali kama lako nililikosa darasani. Lakini Reacher hebu mrudie tena. Chukua kitabu cha kwanza, *Killing Floor*, cha mwaka 1997. Anashuka kwenye basi karibu na Margrave, mji mdogo wa Georgia. Anaingia mkahawani, yuko kwenye mayai na kahawa yake, mara polisi wanamtia pingu kwa mauaji. Na yule maiti ni nani? Ni Joe, kaka yake wa tumbo moja! (Aliyekuwa hajakisoma anisamehe, bila ya kulitaja hili siwezi kusema nitakalo.)

Tizama alichokifanya mwandishi. Mtu wake amemvua nyumba, gari, kazi na mizigo, ila damu hakuthubutu kumvua. Bila ya Joe, Reacher angeachiwa, akapanda basi jengine, na kitabu kingeishia hapo. Kumbuka pia kwamba Lee Child alianza kuandika baada ya kuachishwa kazi kwenye kampuni ya televisheni Uingereza mwaka 1995, naye ana umri wa miaka 40 na familia ya kulisha. Mtu aliyetoka kuondoshwa kazini akamtunga mtu asiyeweza kuondoshwa popote, kwa sababu hana pa kuondoshwa. Kwangu mimi, hapo ndipo utamu wa Reacher ulipo. Wasomaji wake wengi wana nyumba na madeni ya nyumba.

Sasa njoo kwetu. Muhammed Said Abdulla, mtu wa hapa hapa Makunduchi, alitupa mpelelezi Bwana Msa katika *Mzimu wa Watu wa Kale* mwaka 1960. Bwana Msa hapigi mtu ngumi. Anawasha kiko, anakaa na rafiki yake Najum, anauliza. Nani kamzaa nani, nani aliwahi kumuoa nani, mtoto yule kalelewa wapi. Visa vyake vingi vinafumbuka kwenye nasaba. Kwa hiyo lile swali la barazani linalokukwamisha, kwa mwandishi wa kwetu ndiyo upelelezi wenyewe. Usimkimbize shujaa wako mbele ya swali. Mwache aulizwe, na aulizwe vizuri, na mzee anayejua kuuliza.

Na kama unataka asiye na makao aliyeandikwa na mtu wa Unguja, soma *By the Sea* ya Abdulrazak Gurnah, ya mwaka 2001. Saleh Omar, mzee wa miaka 65, anatua Gatwick kuomba hifadhi na kijisanduku cha udi mkononi. Pasi ya kusafiria ina jina la mtu mwengine, na anajifanya Kiingereza hakijui. Nyumba hana, jina hana, hata lugha kaificha. Umeona mtu aliyepotea zaidi ya huyo? Basi huko huko Uingereza, katika mji mdogo wa pwani, anatokea Latif, ambaye jina lile lililo kwenye pasi ni la baba yake mzazi! Na kati ya familia zao kuna kisa cha nyumba. "Mtoto wa nani" imevuka bahari ikamkuta mzee wa watu chumbani kwake. Nilipokifunga kitabu kile nilikaa kimya muda mrefu.

KandaZaZamani, Darajani

Shikamoo Maalim. Nakubaliana na wewe kwa Bwana Msa, lakini kuna kitu mnakipita.

Nilikuwa na duka la kanda za video, na Rambo ikiazimwa mpaka kanda ikakatika. Watu wanakumbuka bunduki. Mimi nakumbuka mwanzo wa ile ya kwanza, ya 1982. Kijana anatembea kwa miguu kumtafuta mwenzake wa vitani, anamkuta mwanamke anaanika nguo, anaambiwa mwenzio alishakufa kwa saratani. Alikuwa na mlango mmoja tu wa kupiga hodi duniani, nao umefungwa. Anaingia mji wa jirani atafute chakula, mkuu wa polisi anampakia garini, anamtoa mpaka ng'ambo ya daraja, kwa sababu ya nywele zake na koti lake. Kijana anageuka kurudi. Yote yaliyofuata yametokana na hapo. Hakuna aliyemuuliza mtoto wa nani.

Na tusijidanganye kwamba kwetu hapa hapana asiye na makao. Njooni Darajani usiku, maduka yakishafungwa. Wapo vijana wanalala vibarazani juu ya maboksi. Unga ndio uliowafikisha. Na hawa si watu wasiojulikana: kila mmoja, ukiuliza, utaambiwa baba yake nani na nyumba yao mtaa gani. Yuko mmoja alikuwa akilala mkabala na duka langu. Ijumaa baba yake akipita kwenda msikitini, upande ule wa pili wa barabara, kanzu imepigwa pasi. Yule kijana akimuona anatokeza kwenye kona, anavuta kanga juu ya uso mpaka apite. Alikuwa akimsitiri mzee, asilazimike kuchagua amsalimie au asimsalimie mbele za watu.

Ndiyo asiye na kwao ninayemjua mimi. Nyumba ya baba anaijua mpaka rangi ya mlango, na hodi hawezi kupiga. Dada yangu BintiJadida, shujaa wako asiwe mtu asiye na jibu. Awe nalo. Atoke soba hausi, nyumba ya kuachia unga, huko Unguja, apande meli, akae barazani, aulizwe mtoto wa nani, na jibu analo mdomoni, na ndilo analoliogopa kuliko kisu.

MkojaniWaDago

Mimi si mtu wa riwaya ila hapa naweza kusaidia. Sisi watu wa Kojani, kisiwa cha huku Pemba, twajulikana kwa dago, yaani kambi ya wavuvi ufukweni, pwani yote hii, Tanga, Mafia, mpaka Kenya. Kibanda cha makuti, tanga la kujifunika, chungu kimoja watu wote. Dagoni mgeni haanzwi na nasaba. Anaanzwa na "wajua kuvuta?" Akivuta nyavu na wenzake ana fungu lake. Mtoto wa nani itakuja, lakini itakuja wenyewe kwa wenyewe, mukishala pamoja.

Na kisiwani Misali wazee wanahadithia kuwa Nabii Khidhri alifika, akawataka wavuvi msala wa kusalia, hawakuwa nao, akasali juu ya kisiwa chenyewe kilivyoelekea kibla. Mzee wangu kwa hadithi hiyo hakukubali mtu yeyote aliyetokea ufukweni afukuzwe kabla hajala. Akisema humjui nani huyo.

BintiJadida, Wete

Nimeisoma ile ya kanga juu ya uso nikatoka nje kidogo. Ahsante sana kaka KandaZaZamani, na Maalim, Mungu akuzidishie.

Naifumua sura ya kwanza yote. Kwao ni Jadida, hapa hapa Wete, na mmoja wa wale wazee wa barazani ni baba yake. Akishuka Mkoani haji Wete, anakwenda dagoni kwanza, anakaa na wavuvi, kisa cha dhulma kinaanzia huko. Barazani atafika mwishoni, na kwa miguu yake.

Kaka Mkojani, naomba unisaidie hili: mtu aliyefika hana nyavu wala chombo, anapata fungu gani? Na ni pesa au samaki?

MkojaniWaDago

Inategemea nahodha. Kwa kawaida hutolewa kwanza mafuta na chakula, chombo kina fungu lake, nyavu zina fungu lake, kinachobaki ndicho cha watu. Mgeni wengine humpa sawa na wenzake, wengine nusu mpaka aonekane. Hiyo ni pesa. Samaki wa kitoweo ni mbali, huyo hahesabiwi, hupewa hata aliyekaa tu ufukweni.

Jambo jengine, uangalie mwezi. Dagaa wa taa huvuliwa usiku wa kiza. Mbalamwezi ikiwa kubwa watu wamelala, wanashona nyavu, au wamekwenda makwao. Usije ukamuandika amekaa chini ya mbalamwezi anatizama taa za dagaa baharini. Mkojani yeyote akisoma hapo atakifunga kitabu.