Fundi wa sola Dodoma: nilipie kozi ya upepo wa baharini, au nianzie Singida?

Fundi Sanifu wa Nkuhungu (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa, shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu.

Mimi ni fundi sanifu wa umeme mwenye stashahada, na huu ni mwaka wangu wa saba nikifunga mifumo ya umemejua katika zahanati na visima vya Chamwino, Bahi na Kondoa. Kazi yenyewe siichukii, ila imeanza kujirudia. Mwezi uliopita nilifika katika zahanati moja nikakuta betri nne zimevimba kama maandazi, inveta inalia, na friji ya chanjo imefunikwa blanketi ili ubaridi usitoke. Nilibadilisha betri, nikafundisha upya yale yale niliyoyafundisha mwaka juzi, nikarudi mjini nikijiuliza kama nitazeeka na bisibisi hii hii.

Sasa kuna wakala anayeniambia kwamba mashamba ya upepo yaliyojengwa baharini huko Ulaya yanatafuta mafundi, na kwamba nikimlipa shilingi milioni 9 atanipeleka kwenye kozi ya usalama yenye cheti kinachotambulika dunia nzima, kisha ajira itakuja yenyewe. Ninazo milioni 6 nilizokuwa nimeziweka kwa ajili ya kiwanja. Mke wangu hajakataa, ila amenikumbusha kwamba nimezaliwa Mpwapwa na kwamba maji mengi kuliko yote niliyowahi kuyaona ni ya bwawa la Mtera.

Naomba ushauri wa walio ndani ya fani hii: nilipe, au nitafute njia kupitia upepo wa nchi kavu, maadamu Singida ni jirani?

Baharia wa Tanga

Mdogo wangu, nimefanya kazi miaka mitatu kwenye boti inayowapeleka mafundi kwenye mitambo ya upepo katika Bahari ya Kaskazini, kwa hiyo nitasema nililoliona kwa macho. Nahodha husukuma pua ya boti ikagandamana na nguzo ya mtambo, injini zikiwa zinaunguruma, na fundi husubiri wimbi linyanyuke ndipo avuke kwenda kwenye ngazi. Akivuka mapema au akichelewa, boti inashuka naye. Nimewaona mafundi hodari wa umeme, watu wanaojua kusoma mchoro kuliko mimi ninavyojua kusoma saa, wakitapika njia nzima na kufika hawana nguvu ya kushika spana.

Hicho cheti anachokuuzia wakala bila shaka ni mafunzo ya msingi ya Global Wind Organisation, shirika la kampuni za upepo linaloweka viwango vya usalama. Yana sehemu tano: huduma ya kwanza, kunyanyua mizigo, tahadhari ya moto, kufanya kazi kwenye kimo, na kujiokoa baharini. Nne za mwanzo zinahitajika hata kwenye mitambo ya nchi kavu. Hiyo ya tano ndiyo ya bahari. Ni mafunzo halali na ni mazuri, ila ni ya usalama tu, hayakufundishi kutengeneza mtambo, na mafunzo hayo huisha muda wake baada ya miezi 24. Ukilipia leo bila mwajiri, unanunua maziwa wakati hujui mgeni atafika lini.

Mwulize wakala jina la kituo kinachotoa kozi, kisha ulitafute wewe mwenyewe katika orodha ya vituo vilivyoidhinishwa. Kila anayehitimu huandikwa katika daftari la mtandaoni liitwalo WINDA, na mwajiri huangalia humo, si kwenye karatasi yenye muhuri wa rangi. Mwulize pia kibali chake cha kupeleka watu kazini nje ya nchi.

Mpima Upepo

Mleta mada, naomba nikurudishe nyumbani kidogo. Nilikuwa kibarua na baadaye msimamizi wa milingoti ya kupimia upepo mkoani Singida. Watu hudhani kazi ya upepo huanza mtambo unapowasili kwenye lori, kumbe huanza na kifaa chenye vikombe vitatu vidogo vinavyozunguka juu ya mlingoti. Siku moja nilipanda kukibadilisha kimoja, nikakizungusha kwa kidole na kukisikia kikikwaruza, kwa sababu vumbi lilikuwa limeingia kwenye beringi zake. Maana yake ni kwamba kwa muda usiojulikana kilikuwa kikitoa kasi ndogo kuliko ile halisi. Hili si dogo, kwa sababu nguvu iliyomo katika upepo hufuata kasi × kasi × kasi: kasi ikiongezeka maradufu, nguvu huongezeka mara nane. Kosa dogo kwenye kikombe huwa kosa kubwa kwenye hesabu ya benki, na benki ikishaona takwimu zina mashaka haikopeshi.

Wanaofanya kazi baharini wana shida hiyo hiyo, ila kifaa chao cha kupimia huelea majini. Fundi anayejua kutunza kumbukumbu safi za vipimo kwa mwaka mzima anahitajika kokote. Lakini nisikudanganye: upepo wa Singida umezungumzwa miaka mingi kuliko ulivyojengwa. Kwa sasa mitambo ya upepo inayouza umeme nchini utaikuta Mwenga, Mufindi, na ni midogo, megawati 2.4 tu.

Mama Msongo Mkubwa

Mwanangu, wenzangu wamesema vema, ila wote wamekaa kwenye mtambo, na mimi naona mtambo si mahali unapopaswa kukaa.

Tazama shamba la upepo la Turkana kwa jirani zetu Kenya: mitambo 365, megawati 310. Ilikuwa imekamilika mwaka 2017, ikasimama ikipigwa na upepo wa bure hadi mwaka uliofuata, kwa sababu njia ya kusafirisha umeme, zaidi ya kilomita 400, ilikuwa haijakamilika. Baharini ni hivyo hivyo kwa ukali zaidi. Shamba la Hornsea 2 la Uingereza lina mitambo 165 iliyo karibu kilomita 89 kutoka pwani, na umeme wake wote hukusanywa kwenye kituo cha kupoza umeme kilichosimama majini, kisha husafiri kwa nyaya zilizofukiwa chini ya bahari. Waya mmoja ukipata hitilafu, mapanga mengi yanazunguka bure. Watu wa nyaya na swichi za msongo mkubwa wa umeme ndio adimu.

Nawe unaishi Dodoma. Kituo cha kupoza umeme cha Zuzu kiko mlangoni pako, na njia ya kilovolti 400 kutoka Iringa kwenda Shinyanga inapita hapo. Tumia hizo milioni 6 kusomea shahada ya uhandisi umeme jioni, au angalau kozi ya uendeshaji salama wa msongo mkubwa. Ukishapata shahada, ipo shahada ya uzamili ya nishati ya upepo inayoendeshwa kwa pamoja na vyuo vikuu vya Denmark, Uholanzi, Norway na Ujerumani; ulizia kama ina ufadhili. Bahari haitakauka.

Fundi Sanifu wa Nkuhungu (mleta mada)

Nawashukuru sana. Jana jioni nilimpigia wakala nikamwomba jina la kituo. Alijibu kwamba nafasi zimebaki mbili na kwamba watu wa Mwanza wanazigombania. Nilipomtajia WINDA akasema mtandao unakatika. Hajapiga tena.

Mama, Jumatatu nitakwenda kuulizia masomo ya jioni. Mpima Upepo, nina swali moja: mlingoti ule wa Singida ulikuwa na mita ngapi, na mlipandaje wakati upepo wenyewe unavuma?

Mpima Upepo

Mita 60. Tulipanda alfajiri, saa kumi na mbili, kabla haujaamka.