Vyura wangu wawili wameugua ghafla usiku mmoja: naomba msaada wa kutafuta chanzo

Mlezi wa Kidimbwi (mleta uzi)

Wanajukwaa, nawasalimu. Ninafuga vyura watatu wa mitini, wale wa kijani wanene wenye asili ya Australia, katika tangi la kioo lenye matawi, matandiko ya nyuzi za nazi na bakuli pana la maji. Wawili nimekaa nao miaka minne bila kuugua hata siku moja. Wa tatu nilimnunua wiki tano zilizopita, nikamtenga kwa siku kumi tu, kisha nikamchanganya na wenzake.

Juzi jioni nilisafisha tangi lote, nikasugua bakuli kwa maji ya moto bila sabuni, nikalijaza maji ya bomba yaliyolala ndooni usiku kucha, kama nifanyavyo siku zote. Alfajiri nilimkuta mkubwa wao ametandaza miguu ndani ya bakuli, na nilipomgeuza chali alishindwa kujirudisha. Ngozi ya tumbo na mapaja ilikuwa nyekundu. Kufikia mchana, yule chura wa pili naye alikuwa katika hali ileile, ilhali yule mgeni hana tatizo lolote. Nimesoma kwamba wekundu wa mapaja huletwa na bakteria, na kwamba iko kuvu inayoangamiza vyura duniani. Nina hofu kwamba nimewaletea maradhi kwa mkono wangu mwenyewe nilipomnunua huyu wa tatu.

Tabibu wa Wanyama

Pole sana, ndugu. Kabla ya kutafuta chanzo, watoe wagonjwa humo sasa hivi. Vaa glavu zisizo na unga, uzilowanishe kwanza, kisha mweke kila mmoja katika kisanduku chake chenye matundu, juu ya karatasi laini isiyo na manukato iliyoloweshwa maji ya chupa ya kunywa. Usitumie maji yaliyotoneshwa (distilled), kwa kuwa hayana chumvi, na chura akikaa ndani yake kwa muda mrefu hupoteza chumvi za mwili wake kupitia ngozi. Maji yawe machache mno, maana chura asiyeweza kuinua kichwa huweza kuzama hata katika kina cha kidole kimoja. Usimpe chakula, wala usimweke karibu na taa ya joto. Kisha mtafute daktari anayewajua vyura leo hii, si kesho.

Kuhusu mapaja mekundu, naomba tusilichukue jina hilo kuwa jibu. Wekundu ni alama ya kwamba mishipa midogo ya damu iliyo chini ya ngozi imepanuka au imepasuka. Bakteria wa jamii ya Aeromonas wanaweza kuuleta, virusi vya rana (ranavirus, vinavyoshambulia vyura) vinaweza kuuleta, na vilevile ngozi iliyochomwa na kemikali huwa hivyo hivyo. Daktari anayeandika dawa ya bakteria kwa kuutazama wekundu peke yake anabahatisha.

Mchunguzi wa Ngozi

Mimi sitaiondoa kuvu mapema. Ile iitwayo Batrachochytrium dendrobatidis, ambayo wanasayansi waliipa jina mwaka 1999, hushambulia tabaka la juu la ngozi ambamo chura hupitishia maji na chumvi. Sodiamu na potasiamu zinapopungua katika damu, moyo husimama, na ndiyo maana chura aliyeonekana mzima jana anaweza kufa leo. Inastawi zaidi kati ya nyuzi 17 na 25 za Selsiasi, yaani katika joto lilelile ambalo wengi wetu tunawawekea vyura wetu. Tena, mgeni kuonekana mzima si ushahidi wa kumwachilia, kwa sababu vyura wengine huibeba bila dalili. Siku kumi za kutenga hazikutosha. Mimi sishuki chini ya siku 60. Je, walikuwa wakijichuna ngozi mara kwa mara, au kukaa wazi mchana wakati wa kulala, siku chache kabla ya hapo?

Mzee wa Maji

Mleta uzi, maelezo yako yana jambo ambalo naona limepitwa haraka. Maradhi ya kuambukiza yana tabia ya kumwanza mmoja, yakakaa siku kadhaa, ndipo yakamfikia mwingine. Wawili kuanguka ndani ya saa chache, tena usiku wa kubadilisha maji, kunanifanya nitazame bakuli kabla sijamtazama mgeni. Chura hanywi kwa mdomo. Hukalia maji na kuyavuta kwa ngozi ya tumbo na mapaja, na hapo hapo ndipo ulipouona wekundu. Kilichomo majini huingia mwilini mwake, kwa hiyo hata mafuta ya kupaka yaliyobaki viganjani mwako, au dawa ya mbu iliyopulizwa katika chumba cha pili, ni mambo ya kuulizwa.

Tafadhali nieleze: usiku ule yule mgeni alilala wapi? Je, kuna mtu aliyepuliza dawa yoyote nyumbani? Na maji hayo uliyapima?

Mlezi wa Kidimbwi (mleta uzi)

Ahsanteni nyote. Mkubwa amekufa usiku huu. Wa pili bado anapumua, na sasa anavuta mguu nikimgusa.

Hakuna aliyepuliza dawa, na sikupaka mafuta mikononi. Hawakuchuna ngozi kuliko kawaida, na walikula nyenje vizuri siku mbili kabla. Mgeni hulala juu kabisa kwenye pembe ya kioo, na kwa kweli sijamwona akishuka bakulini tangu nilipobadilisha maji. Maji niliyapima kwa vijikaratasi: klorini sifuri, amonia sifuri.

Mzee wa Maji

Pole kwa msiba huo. Tazama tena kifurushi cha vijikaratasi vyako kama kinapima klorini huru au klorini yote. Mamlaka nyingi za maji hutumia kloramini, ambayo ni klorini iliyofungamana na amonia, na nyingine hubadilisha kutoka moja kwenda nyingine katika majira fulani. Klorini huru hutoroka maji yakilala wazi, lakini kloramini haitoroki kwa usiku mmoja, na kipimo cha klorini huru hakiioni. Mazoea yako ya miaka minne yangeweza kuwa salama hadi siku ile maji yalipobadilishwa.

Tabibu wa Wanyama

Nakubaliana na njia hii, lakini kuvu ipimwe pia. Mwili wa aliyekufa uwekwe kwenye friji ndani ya mfuko uliofungwa, usigandishwe, kwa sababu barafu huharibu tishu ambazo mchunguzi anahitaji kuzitazama, na mwili wa chura huoza upesi mno. Wote wawili walio hai wapanguzwe ngozi kwa pamba ya maabara ili sampuli zipimwe vinasaba vya kuvu.

Mlezi wa Kidimbwi (mleta uzi)

Narudi baada ya siku tisa. Vijikaratasi vyangu vilikuwa vya klorini huru. Nilinunua vya klorini yote na kupima maji yaliyolala usiku kucha, vikabadilika rangi mara moja. Na nilipopiga simu kwa wanaotuletea maji, walithibitisha kwamba wameanza kutumia kloramini mwezi huu. Sampuli za ngozi za wote wawili hazikuwa na kuvu. Uchunguzi wa mwili umeonyesha ngozi ya tumbo iliyoungua, bila dalili ya bakteria kuenea katika viungo vya ndani.

Wa pili alianza kula juzi. Sasa natia maji dawa ya kuvunja kloramini, ile inayofunga pia amonia inayobaki, na ninayapima kabla hayajaingia tangini. Mgeni nimemrudisha karantini hadi zitimie siku 60.