Fundi kapima jukwaa kwa hatua, halafu ananiambia NIPUNGUZE HEMA

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, nikikosea herufi mnivumilie. Huyu fundi mnamjua. Msijifanye hamumjui. Yule wa pikipiki nyekundu na penseli sikioni, penseli ambayo haijaandika kitu tangu Dodoma haijatangazwa jiji mwaka 2018. Kama umewahi kujenga Mkonze, Nala au Ihumwa, kianzio chako kashakila.

Nina hema langu la duara, yurti, la mtindo wa Wamongolia, kipenyo mita 6. Nikataka jukwaa la mbao la kulikalisha, maana ardhi yetu mnaijua: kiangazi mchwa, mvua za Desemba zikianza matope. Nikamchorea. Nikamweleza kama mtoto wa chekechea: sakafu iwe duara la mita 6 kamili, turubai la ukuta lishuke nje ya ukingo, maji yadondoke chini. Ikizidi, maji yanatuama pembeni na kupenya ndani. Mbele ya mlango weka baraza la kukaa jioni, lishuke sentimita 15 chini ya sakafu. Akaitikia "sawa bosi" mara arobaini. Ya arobaini na moja akaomba hela ya misumari.

Leo nimekwenda na mama mkwe. Kapanda SGR toka Morogoro kuja kuona "hoteli ya mkwe wangu". Tunasimamisha fito, tunazungusha ukuta, loh! Hema linaning'inia sentimita 30 kila upande kama kofia ya babu kichwani kwa mjukuu. Jukwaa lina mita 5 na sentimita 40! Namuuliza umepimaje, eti futi kamba ilipotea, akapima kwa hatua. HATUA! Tena kavaa kandambili.

Sasa sikieni. Kakaa juu ya ndoo, anatafuna karanga, ananitazama machoni, anasema: "Bosi, jukwaa liko sawa. Punguza hema."

Punguza hema.

Mbele ya mama mkwe. Mama wa watu kacheka mpaka akaenda kushika mbuyu.

Sisemi habari ya mbao mbichi za msonobari alizopaka oili chafu akaiita dawa ya mchwa. Sisemi nguzo alizochomeka udongoni wakati saruji nilinunua, na sijui imelala nyumba gani. Hata siku ya kwanza nilipomwambia nataka deki, yaani hili jukwaa la mbao, akanijibu kupiga deki ni kazi ya dada wa nyumbani. Pale pale ningeshtuka. Yote nasamehe. Lakini mtu anakula karanga ZANGU, kakalia ndoo YANGU, anasema nipunguze hema? Nilipunguze na nini, panga?

Mlevi wa Zabibu: Uzi bila picha ni umbea. Weka ya mama mkwe na mbuyu.

Binti Chamwino: Pole kaka. Ila Wagogo tumejenga tembe miaka na miaka, miti na udongo, paa bapa, pembe zake zinaonekana, hakuna aliyewahi kupunguza kitu. Wewe umekwenda kuagiza kihenge cha turubai.

Mwenye uzi: Siyo kihenge! Ufundi wa mahema haya UNESCO waliuingiza kwenye orodha ya urithi mwaka 2013!

Mlevi wa Zabibu: UNESCO wakauingiza kwenye orodha, wewe ukauingiza kwenye oili chafu.

Nusu Injinia: Mkuu usinipige. Ukuta wa yurti si wavu wa fito unaokunjuka na kukunjika? Ukiubana, duara linapungua na ukuta unapanda juu. Kwa hiyo hema LINAPUNGUA. Utabaki na turubai lenye mikunjo na paa lililochongoka, basi. Fundi wako profesa, mmalizie hela yake.

Mwenye uzi: Wewe ni mdogo wake. Nimekujua.

Msumari Mmoja: Na mabosi nanyi mkome. Ramani mtu kaichora nyuma ya risiti ya chipsi, halafu anataka milimita. Mimi nina bosi Kisasa tangu Pasaka ananiambia "Ijumaa fundi, Ijumaa". Ijumaa zimepita mpaka nimeanza kumwogopa muadhini.

Binti Chamwino: 😂😂 Huyo wa Kisasa ana Noah nyeupe?

Msumari Mmoja: Umejuaje dada?

Binti Chamwino: Anadaiwa na mama yangu magunia mawili ya mtama.

Shangazi Kibaigwa: Afadhali nyie. Mimi fundi cherehani kanishonea sare ya harusi, haipiti mabegani. Namrudishia Alhamisi, ananiambia "Shangazi, nguo iko sawa, punguza mwili." Harusi Jumamosi!

Mlevi wa Zabibu: Huyo na wa hema baba yao mmoja.

Mwenye uzi: Wakuu, turudi kwenye jukwaa. Mvua inakuja, nifanyeje? Niongeze mbao pembeni au nibomoe?

Msumari Mmoja: Shangazi, ni yule wa karibu na soko la Majengo? Kanishonea suruali, mfuko mmoja wa nyuma kauweka mbele.

Shangazi Kibaigwa: Huyo huyo!! Ana kipara, anasikiliza redio kwa sauti.

Nusu Injinia: Sasa harusini ulivaa nini shangazi?

Shangazi Kibaigwa: Ile ile. Mgongo wazi, nikajifunika shuka la Kimasai. Watu wakadhani mimi ndiye mgeni rasmi, nikapewa kiti cha mbele na soda mbili.