Cherehani kuukuu kwa muuza hadiwea Mwanjelwa: nitajuaje ni Singer kweli?

BintiRungwe
Habari zenu wakuu. Natafuta cherehani ya kukanyaga, nataka kufungua kibanda cha kushona sare za shule huku Tukuyu. Kuna hadiwea moja Mwanjelwa, Mbeya mjini, ukishapita mabati na misumari, kule nyuma mzee amepanga cherehani kuukuu. Kwake zote ni "Singer ya mkoloni". Moja ina maandishi ya dhahabu yanang'aa mno, anataka laki tatu na nusu. Nyingine ina jina ambalo sijawahi kulisikia, laki moja na themanini. Ya tatu bobini yake, ile ya kuzungushia uzi wa chini, ni ndefu na nyembamba. Nichukue ipi? Na muuza misumari na cherehani wapi na wapi?

Fundi_Mlandege
Kamwene binti. Mimi nashona hapa Iringa, na cherehani za wenzangu nazifungua mimi.

Achana na maandishi ya dhahabu kwanza, stika hizo zinauzwa. Tazama kitandani kwa mashine, yaani lile bapa la chini, upande wa kulia chini ya gurudumu, pana sehemu imeinuka kidogo na namba imegongwa pale. Kama imepigwa rangi upya tarakimu zinazibwa, kwa hiyo chukua kitambaa chenye mafuta ya taa usugue, halafu pitisha ukucha. Namba tupu bila herufi ni mashine ya kabla ya 1900. Herufi moja, ni kuanzia 1900 hadi miaka ya 1930. Herufi mbili, ya kwanza ikiwa E, imetoka Clydebank, Scotland, 1935 au baada yake. Hizo ndizo nyingi ninazoletewa, na si ajabu, Mwingereza ndiye alikuwa anatawala hapa. Ukikuta C peke yake mbele ya namba, hiyo ya Wittenberge, Ujerumani. Kiwanda cha Clydebank kilifungwa 1980, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba ina "spea za kampuni".

Habari ya hadiwea ni ya zamani kuliko huyo mzee. Isaac Singer alipata hataza yake, yaani haki ya uvumbuzi, 1851, na 1856 mshirika wake Edward Clark akaanzisha kuuza kwa kulipa kidogo kidogo. Mwaka huohuo wenye hataza wakubwa wa Marekani waliungana, ukitaka kuunda cherehani unawalipa wao kwanza. Umoja huo ulikwisha 1877, viwanda vikafumuka. Kiwanda kama Davis cha Dayton, Ohio, kilikuwa kinaunda mashine, muuzaji anabandika jina analotaka yeye. Sears, wauzaji wakubwa wa Marekani, waliziita zao Minnesota, na hawakuwa na kiwanda cha cherehani. Wenye maduka ya vyuma na samani nao wakafanya hivyohivyo. Baada ya vita ya pili Wajapani wakaiga Singer ya modeli namba 15 na kuziuza kwa majina chungu nzima.

Ndiyo maana hiyo yenye jina geni nisingeidharau. Ilaze, angalia chuma cha chini. Ukiona JA au JC, ni ya Japani. Bobini yake ya duara na sindano yake ni hizihizi za dukani leo. Ile ya bobini ndefu, kile kichukua bobini kimekaa kama mtumbwi, inashona vizuri sana, ila bobini zikipotea utalia. Ya nyumbani sawa, ya biashara hapana.

MzeeWaChunya
Fundi, na zile zinazosemekana zina zebaki nyekundu, eti kitu cha thamani kubwa? Huku kuna mtu anatafuta Singer kwa mamilioni.

Fundi_Mlandege
Kaka, uzushi huo ulivuma Saudi Arabia mwaka 2009. Watu walikuwa wanasogeza simu karibu na sindano, eti mtandao ukikatika zebaki imo. Bei zikapaa, polisi wakaingia kuchunguza. Nimefungua Singer nyingi, ndani mna chuma, mafuta yaliyoganda na nyuzi za marehemu bibi wa mtu. Anayetafuta kwa mamilioni mwambie atangulize hayo mamilioni.

BintiRungwe
Shikamoo fundi. Nimerudi jana. Ile ya dhahabu nimesugua hadi mzee akanuna, pale pa namba pamepigwa tupa, pamejazwa lipu ya magari, rangi juu yake. Ile yenye jina geni ina JA chini kabisa, na gurudumu linazunguka laini. Tumemalizana laki na nusu pamoja na meza. Ndaga fijo. Mkanda wa ngozi umekatika tu, nafanyaje?

Fundi_Mlandege
Marahaba. Nunua ngozi ya mviringo kwa mafundi viatu, zungushia magurudumu yote mawili, kata pungufu kidogo, ngozi inarefuka. Toboa ncha, unga kwa kipande cha waya. Na kabla hujakanyaga, mafuta ya cherehani kila tundu. Ya kupikia usithubutu.