Vitabu vya picha na miisho ya ngano za kale: tubadilishe au tuache?

Msomaji wa Usiku ameuliza:

Habari zenu, ndugu wasomaji. Nina watoto wawili, mmoja wa miaka minne na mwingine wa miaka saba, na kila usiku tunasoma kitabu kimoja kabla ya kulala. Majuzi nilileta vitabu viwili vya picha vinavyosimulia hadithi ileile ya msichana mwenye kofia nyekundu. Katika kitabu cha kwanza mbwamwitu anammeza bibi, kisha mwindaji anampasua tumbo na kumtoa bibi akiwa hai. Katika cha pili bibi anajificha kabatini, na mbwamwitu anakimbilia msituni bila mtu yeyote kuguswa. Mtoto wangu mkubwa alivishika vyote viwili mkononi, akaniuliza kipi kinasema kweli, nami nikakosa jibu.

Ninafahamu kwamba msimulizi ana ruhusa ya kupunguza na kuongeza, kwa kuwa hata wazee waliotusimulia hawakurudia neno kwa neno. Hata hivyo, kitabu kilichochapishwa si sawa na mdomo wa msimulizi, kwa maana kinabaki vilevile mwaka hadi mwaka, mtoto anakirudia hadi anakijua kwa moyo, na toleo hilo moja ndilo linalokuwa hadithi yenyewe kichwani mwake. Wapo pia marafiki wanaonishauri niachane kabisa na ngano, kwa kuwa zimejaa mama wa kambo wakatili na wanyama wanaomeza watu, ninunue tu vitabu vya hadithi mpya. Naomba mnisaidie: nitakitambuaje kitabu kilichosimulia upya kwa uaminifu, na je, kulainisha mwisho ni kumlinda mtoto au ni kumnyima kitu?

Mkutubi amejibu:

Nimeulizwa swali la mwanao mara nyingi, na jibu ninalowapa watoto ni kwamba kila toleo lina mtu aliyeamua liwe hivyo, basi tumtafute mtu huyo. Charles Perrault alipochapisha hadithi hiyo nchini Ufaransa mwaka 1697, msichana aliliwa na hadithi ikaishia hapo. Mwindaji anaingia katika mkusanyiko wa ndugu wawili wa Ujerumani, Jacob na Wilhelm Grimm, uliotoka mwaka 1812. Kwa hiyo hata kile kitabu chako cha kwanza, ambacho wengi wangekiita cha asili, kina mwisho mpole kuliko ule uliotangulia kuchapishwa.

Ndugu hao waliendelea kurekebisha kazi yao chapa baada ya chapa hadi ya saba, mwaka 1857. Rekebisho moja linahusu malalamiko ya marafiki zako moja kwa moja. Katika chapa ya 1812, malkia anayetaka Snow White auawe ni mama yake mzazi, lakini katika chapa ya 1819 amekwisha kugeuzwa kuwa mama wa kambo. Maana yake ni kwamba angalau mmoja wa mama wa kambo hao wakatili alizaliwa kutokana na nia ya kulainisha: heshima ya mama mzazi ilihifadhiwa kwa kumtwika mwingine lawama, na watoto wanaolelewa kwa upendo na mama wa kambo wamekuwa wakiusoma uamuzi huo kwa miaka 200. Ninalieleza kwa kirefu kwa sababu tunapojadili kulainisha huwa tunahesabu tu nani ameepushwa na hofu, tukasahau kuangalia mzigo umehamishiwa kwa nani.

Kuhusu uaminifu, mimi huanza kwa kutafuta maelezo ya mwandishi, ambayo kwa kawaida huwa mwanzoni au kwenye ukurasa wa mwisho. Mwandishi mwaminifu atasema hadithi ni ya watu gani, ilisimuliwa kwa lugha gani, aliipata wapi, na yeye mwenyewe amebadilisha nini. Maneno kama "ngano kutoka Afrika" hayanitoshelezi hata kidogo, kwa kuwa bara hilo lina lugha zaidi ya 1,000, na hakuna ngano iliyosimuliwa na bara zima. Wala usitishwe na wingi wa matoleo. Mwaka 1893 Marian Roalfe Cox alichapisha kitabu chenye matoleo 345 ya Cinderella na hadithi za ukoo wake, na liko toleo lililoandikwa nchini China katika karne ya 9, ambalo ndani yake msaidizi wa msichana ni samaki. Hadithi yenye ndugu wengi kiasi hicho haiharibiwi na toleo moja zaidi. Anayeharibikiwa ni msomaji asiyeambiwa kwamba hilo ni toleo.

Mchoraji wa Vitabu ameandika:

Nakubaliana na Mkutubi, ila naona mazungumzo yamesahau kwamba katika kitabu cha picha nusu ya hadithi haiko kwenye maneno. Vitabu vingi vya aina hii vina kurasa 32, kwa sababu karatasi kubwa za kiwandani hukunjwa kwa mafungu ya kurasa 8 au 16. Ukiondoa kurasa za jina la kitabu na za haki za uchapishaji, unabaki na nafasi zipatazo 12 hadi 15 za kurasa mbilimbili. Ngano iliyochukua jioni nzima kusimuliwa haina budi kupunguzwa ili ienee humo. Makosa huanzia hapo, maana mwandishi akibanwa na nafasi hukata tukio zito na kubakiza maelezo ya msitu, ilhali msitu ningeuchora mimi.

Ningependa pia kutenganisha mambo mawili ambayo wazazi wengi huyachanganya, yaani kinachotokea na kinachoonekana. Maneno yanaweza kusema waziwazi kwamba mbwamwitu alimmeza bibi, huku picha ikionyesha tu miwani yake sakafuni na shuka iliyovutwa upande mmoja wa kitanda. Mtoto wa miaka minne ataiona miwani, wa miaka saba ataelewa, na kila mmoja atachukua kiasi anachoweza kukibeba. Hivyo ndivyo ninavyopenda kumlinda mtoto, kwa sababu hadithi inabaki nzima na ukali unapimwa kwa brashi. Kufunua ukurasa nako ni chombo cha kazi. Mlango uliofungwa ukiwekwa upande wa kulia, mtoto ndiye anayeamua lini aufungue, na nimewaona watoto wakikaa kwenye ukurasa huo kwa muda mrefu kabla ya kuthubutu.

Mfano ninaouheshimu sana ni kitabu cha Jerry Pinkney cha mwaka 2009 kuhusu simba na panya, ile ngano ya Esopo. Hakina sentensi za kusimulia; kuna sauti za wanyama tu, na kazi yote inafanywa na picha, nacho kilipata mwaka 2010 nishani ya Caldecott, ambayo hutolewa Marekani kwa mchoraji wa kitabu cha picha. Msimulizi wa ngano hiyo kwa kawaida hufunga kwa kueleza funzo, lakini yeye hakulitamka, na bado sijakutana na mtoto aliyekifunga kitabu hicho bila kuelewa kwa nini panya alirudi.

Mtunzi wa Hadithi Mpya ameandika:

Msomaji wa Usiku, waambie marafiki zako kwamba hadithi mpya si maficho. Beatrix Potter alipomtunga sungura wake Peter, kitabu kilichotoka mwaka 1902, hakuwa anarudia ngano yoyote. Hata hivyo, kurasa za mwanzo kabisa zina mama anayewaonya wanawe wasiingie katika bustani ambamo baba yao alipatwa na ajali na kufanywa kitoweo. Ni sentensi chache tu, zimesemwa kwa utulivu, na hatari yote ya kitabu inasimama juu yake. Thamani ya hadithi mpya ni kwamba inaweza kumleta mtu ambaye ngano hazikumpa nafasi. Ezra Jack Keats alifanya hivyo mwaka 1962, alipomchora mtoto mweusi anayecheza katika theluji, tena bila fundisho lolote, katika wakati ambapo mtoto wa namna hiyo alikuwa haba sana katika vitabu vya picha vya Marekani.

Sasa niseme kosa langu. Katika hadithi za Kiswahili zilizosimuliwa Unguja, ambazo mmisionari Mwingereza Edward Steere alizichapisha mwaka 1870, kimo kisa cha Sultani Darai. Maskini anayechakura jaani anaokota thumuni, anamnunua paa, na paa huyo kwa akili yake anampatia bwana wake mke, jina kubwa la Sultani Darai na jumba alilokuwa akikaa nyoka wa vichwa saba. Kisha paa anaugua. Bwana anakataa hata kwenda kumtazama, na paa anakufa kwa uchungu. Mwishowe yule bwana anaota yuko jaani akichakura, akiamka anajikuta yuko jaani kweli. Nilipojaribu kukisimulia upya kwa ajili ya watoto, nilimponya paa na bwana akaomba radhi. Nikawasomea watoto rasimu hiyo, na mmoja wao, baada ya kusikiliza kwa makini hadi mwisho, akaniuliza kama paa alimwamini tena. Nilitambua kwamba nilikuwa nimeondoa jibu la swali ambalo hadithi yenyewe ilikuwa imelijenga tangu mwanzo.

Nikaurudisha mwisho wa kale. Ule mwisho wangu nikautungia kitabu kingine, chenye wanyama wengine na jina lake lenyewe, wala sikuuvisha nguo za paa. Huo ndio mpaka ninaoushika siku hizi.

Mkutubi amejibu:

Mtunzi, naheshimu mpaka wako, lakini nisingemlazimisha kila mtu aufuate. Wasimulizi wenyewe walibadilisha miisho kulingana na waliokaa mbele yao, na kama tungewakataza, yale matoleo 345 yasingekuwapo. Kwangu inatosha mwandishi akiandika kwa sentensi moja: "Katika toleo nililolisikia paa hufa, mimi nimemponya."

Msomaji wa Usiku ameandika:

Nawashukuru nyote kwa dhati. Jana usiku niliviweka vitabu vyote viwili kitandani, nikawaeleza kuhusu Perrault na kuhusu ndugu wale wawili, kisha nikamwuliza mkubwa angependa tusome mwisho upi. Alichagua ule wa kumezwa. Mdogo aliomba mwindaji aje upesi, tukafunua kurasa mbili kwa mkupuo, kisha yeye mwenyewe akatuomba turudi nyuma aone tulichoruka. Swali langu lililobaki ni kwa Mchoraji: je, nimkubalie mtoto kuruka kurasa namna hiyo, au nimzoeshe kupita katika kila ukurasa?

Mchoraji wa Vitabu amejibu:

Mkubalie. Ukurasa ule hauondoki, na yeye ameshajua uko wapi.